Kichwa Hufuata Macho

Tafuta ukuta mtupu, vua viatu, usimame ukiupa mgongo. Visigino viwe mbali kidogo na ukuta, kiasi cha upana wa kiganja. Makalio na mgongo wa juu viuguse. Tazama mbele kama unavyotazama siku zote, bila kujinyoosha kwa ajili ya kipimo. Je, kisogo kimegusa? Ikiwa kimegusa chenyewe, na kidevu hakikulazimika kuinuka, kichwa chako kimekaa juu ya kifua, mahali pake. Ikiwa kimebaki mbali, mwombe mtu wa nyumbani aingize vidole katika pengo hilo akutajie ni vingapi. Pengo dogo linalozibika ukikirudisha kichwa nyuma kidogo ni la kawaida kwa watu wa kazi za kuinamia. Pengo la ngumi nzima ni habari nyingine: shingo imezoea kutangulia, na mwili ulio chini yake umejipanga upya kuifuata.

Kwa mzee ambaye kisogo hakifiki ukutani hata akijitahidi, na kimo chake kimepungua miaka ya karibuni, jambo la kwanza ni kumwona daktari, maana pingili za mgongo huweza kubonyea taratibu mifupa inapopoteza madini. Hali kadhalika kijana anayeamka kila asubuhi mgongo umekakamaa, ukalegea tu baada ya kutembea muda mrefu. Kuna ugonjwa wa viungo vya uti wa mgongo unaoanza hivyo, na madaktari huufuatilia kwa kipimo cha ukuta kinachofanana na hiki. Kama wewe si mmoja wa hao, tuendelee.

Ushauri uliousikia tangu shuleni ni "kaa wima". Unautii kwa dakika mbili, kisha unarudi ulikokuwa. Usijilaumu. Kichwa hufuata macho, na macho hufuata kazi. Kazi ikiwa mapajani, kichwa kitashuka kuifuata. Herufi zikiwa ndogo, kitasogea mpaka zisomeke. Hakuna nidhamu inayoweza kushindana siku nzima na macho yanayotaka kuona. Kwa hiyo mwongozo huu utakuomba mara chache uinyooshe shingo. Mara nyingi utakuomba uinue kazi.

Shingo inabeba nini

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5 na ushei, karibu sawa na dumu la lita tano lililojaa maji. Likumbatie dumu hilo kifuani na utaweza kusimama nalo ukipiga soga na jirani. Kisha linyooshee mkono mbele: kabla ya dakika kuisha bega litaanza kutetemeka. Maji hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni umbali wa mzigo kutoka mwilini, na ndicho kinachoichosha shingo kichwa kinapokaa mbele ya kifua badala ya kukaa juu yake.

Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari mpasuaji wa uti wa mgongo wa New York, alitumia modeli ya kompyuta kukadiria mzigo unaoifikia shingo kadiri kichwa kinavyoinama. Kikiwa wima ni kilo 5 hivi. Kwa nyuzi 15 ni kilo 12. Kwa nyuzi 30, kilo 18. Kwa nyuzi 45, kilo 22. Na kwa nyuzi 60, mkao ambao wengi huutumia kusoma ujumbe wa simu, kilo 27. Hesabu hizo zimesambaa dunia nzima, mara nyingi zikiambatana na vitisho. Zisome kwa utulivu. Ni makadirio ya nguvu, hayakupimwa ndani ya shingo ya mtu aliye hai, wala hayasemi kwamba kuinama kunaharibu. Shingo yenye afya imeumbwa iiname, igeuke, itazame juu. Tatizo linaanza pale inapoinama na kukaa hapohapo, kila siku, bila misuli yenye nguvu ya kuishika.

Ndani ya shingo kuna pingili 7. Kichwa kinapotangulia, zile za chini huinamia mbele, na kwa kuwa macho hayana budi kuendelea kutazama mbele, zile za juu kabisa hukunjwa kwenda nyuma. Hiyo ni mikunjo miwili inayopingana katika shingo moja. Misuli midogo iliyo chini ya kisogo hubaki imejikunja. Misuli mipana itokayo kisogoni hadi mabegani hushikilia bila kupumzika, nayo ndiyo unayoikuta imekuwa migumu ukiibonyeza jioni. Mbele ya shingo, nyuma kabisa ya koo, kuna misuli mirefu myembamba ambayo kazi yake ni kuushika uti kutoka ndani. Hiyo huachwa bila kazi ikadhoofika. Mabega huja mbele, kifua hujifunga, mgongo wa juu huviringika. Vladimír Janda, daktari wa Kicheki wa karne iliyopita, aliueleza mpangilio huu wa misuli iliyokaza ikikabiliana na misuli iliyolegea, na wataalamu wa fiziotherapia hadi leo huutumia kama ramani ya kuanzia.

Maumivu yanapojificha

Wengi hutarajia shingo iume shingoni. Mara nyingi huuma kwingine, na hapo ndipo watu hupoteza fedha na miezi.

Kichwa ndicho cha kwanza. Neva za pingili tatu za juu huingia kwenye uti wa mgongo mahali palepale ambapo habari za neva ya hisia za uso hupokewa. Ubongo hupokea taarifa mbili kwa mlango mmoja na kushindwa kujua ipi imetoka wapi. Ndiyo maana maumivu yaliyozaliwa kisogoni husikika nyuma ya jicho au juu ya nyusi, mara nyingi upande mmoja. Ukiwa na maumivu ya kichwa yanayoanza nyuma na kupanda mbele, yanayozidi baada ya saa kadhaa za kuinama, na yanayoamka ukibonyeza chini ya kisogo, mwambie daktari kuhusu shingo yako kabla hajakupa dawa ya kipandauso.

Taya huweza kufuata, ingawa si kwa kila mtu. Kichwa kinapokwenda mbele, tishu za mbele ya shingo hulivuta taya la chini nyuma na chini, nayo misuli ya kutafunia hubana kulirudisha. Pengine unaamka meno yamechoka, au kiungo kilicho mbele ya sikio kinalia unapopiga mwayo.

Kuhusu pumzi na bega, usinisadiki mimi, jaribu mwenyewe. Keti ukiwa umejikunja, kidevu mbele, uvute pumzi yote unayoweza. Kisha inua kifua, kichwa juu ya mabega, uvute tena. Sasa fanya vivyo hivyo kwa mkono: jikunje, uinue mkono mpaka uishie, nyooka, uuinue tena. Mbavu zilizofungwa hazipanuki vizuri, na bega lililokuja mbele halina nafasi ya kupitisha mkono juu. Vipimo vya kupuliza hewa vimeonyesha pumzi kupungua kwa watu ambao vichwa vyao vimetangulia sana. Mpaka rangi, mwalimu wa ubaoni na mtu anayeanika nguo kila siku wana sababu ya kujali mgongo wa juu hata kama shingo haijawahi kuwauma.

Ganzi inayoshuka mkononi hadi vidoleni ni jambo la kuchunguzwa, kwa sababu huweza kuwa neva imebanwa pale inapotoka shingoni. Tutalirudia mwishoni.

Yapo pia yasiyo kweli. Mwaka 2019 magazeti ya nchi nyingi yaliandika kwamba simu zinawaotesha vijana pembe kisogoni, yakinukuu utafiti wa Waaustralia wawili uliochapishwa mwaka uliotangulia. Utafiti huo ulitazama picha za eksirei za kinundu cha mfupa ambacho watu wengi wanacho. Matumizi ya simu haukuyapima kabisa. Ukitumiwa tena picha hiyo kwenye kundi la familia, iache iishie kwako.

Na uhusiano kati ya mkao na maumivu si wa moja kwa moja kama tunavyohubiriwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2019 yaligundua kwamba watu wazima wenye maumivu ya shingo huwa na vichwa vilivyotangulia zaidi kuliko wenzao wasio na maumivu, lakini kwa vijana wa rika la shule tofauti hiyo haikuonekana. Huko Perth, Australia, watafiti waliwapima vijana wa miaka 17 zaidi ya elfu moja. Aina ya mkao haikuhusiana na nani anaumwa shingo, ila wale waliojikunja kifua na kutanguliza kichwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na dalili za sonona kuliko wengine. Mzazi anayemkaripia mtoto wa miaka 17 kwa kujikunja afikirie hilo. Pengine swali la kuanza nalo si "mbona hukai vizuri?" bali "mwanangu, kuna linalokusumbua?"

Inua kazi

Anza na simu, kwa kuwa ndiyo ikaayo mkononi kuliko chombo kingine chochote. Usijaribu kuishika usawa wa macho. Mkono utachoka na utaiacha. Bana kiwiko ubavuni, au kiegemeze juu ya mkono wa pili uliokunjwa tumboni. Simu itapanda hadi usawa wa kifua, na macho yatamalizia safari kwa kushuka, maana macho yanaweza kutazama chini bila kichwa kuinama. Kwenye kochi weka mto mapajani, viwiko juu yake. Kuza herufi. Ujumbe mrefu utume kwa sauti.

Kompyuta mpakato ina kasoro iliyozaliwa nayo: kioo na vitufe vimeshikana, kwa hiyo ama mikono itaumia ama shingo. Iinue kwa vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo ufikie usawa wa macho au chini yake kidogo, kisha uunganishe kibodi na kipanya vya pembeni. Vya bei ya chini vinatosha. Kioo kiwe umbali wa mkono ulionyooka. Kama huna kibodi ya ziada, sogeza kiti mpaka tumbo likaribie meza, laza mikono yote juu ya meza, uegemee mgongo wa kiti. Kuegemea nyuma kidogo ni afadhali kuliko kujinyoosha ukingoni mwa kiti kwa ukakamavu usiodumu.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, pima macho. Watu wengi walioinamia kazi wameinamia kwa sababu hawaoni, na hakuna zoezi litakalomrudisha nyuma mtu ambaye akirudi nyuma herufi zinapotea. Karibu na miaka 40 jicho la kila mtu huanza kushindwa kukaza kwa karibu, hata la yule aliyejivunia macho makali ujana wake wote. Miwani ya kusomea humwinua fundi, karani na mwalimu kwa siku moja kuliko mihadhara ya mwaka. Tahadhari moja kwa wenye miwani ya vioo viwili: sehemu ya kusomea iko chini, kwa hiyo mbele ya kompyuta utainua kidevu na kusukuma kichwa mbele ili uitumie. Wewe shusha kioo cha kompyuta badala ya kukiinua, au uagize miwani ya umbali huo pekee. Na mwanga uangukie kazi, si uso wako.

Fundi cherehani ana shida kubwa zaidi, kwani macho yake yamefungwa kwenye sindano. Meza ya mashine iwe juu kidogo ya kiwiko chake akiwa ameketi. Ikiwa chini, vipande vya mbao chini ya miguu ya meza vinatosha, mradi magoti yasibane na miguu yake iendelee kukanyaga sawasawa. Weka kabari nyuma ya mashine ili uso wake umwelekee anayeshona, uone namna sindano inavyokuja kwako badala ya wewe kuifuata. Unapolazimika kusogea karibu, jikunje nyongani, mgongo mzima uende pamoja, usitume shingo peke yake. Upindo wa mkono ushonee mezani juu ya mto, si mapajani.

Msusi na mteja wake wanaumia pamoja. Mteja akiketi chini kwenye mkeka, msusi huinama saa nne, naye mteja hukandamizwa kidevu kifuani muda uleule. Kigoda kinachokiweka kichwa cha mteja usawa wa kifua cha msusi kinaokoa shingo mbili. Msusi asimame anaposuka utosi, aketi anaposuka kisogo. Na wewe unayesukwa, una haki ya kuomba uinue kichwa kila baada ya mistari michache. Msusi mzuri hatakasirika.

Mama anayenyonyesha huinamia kwa upendo, mara nane au zaidi kwa siku na usiku. Wakunga wana kanuni nzuri: mlete mtoto kwenye titi, si titi kwa mtoto. Mito au khanga zilizokunjwa zimwinue mtoto hadi usawa wa ziwa, mgongo wako uegemee, miguu ikanyage kitu. Akishashika vizuri, kilaze kisogo chako nyuma. Utamtazama sana, hakuna atakayekunyima. Ila usimtazame muda wote wa kunyonya.

Mchele uchambuliwe ungo ukiwa mezani. Dereva asilaze kiti sana, kwa kuwa kiti kilicholala humlazimisha kusukuma kichwa mbele ili aone barabara. Akiinue mpaka kisogo kikaribie kabisa egemeo la kichwa. Mwanafunzi aegemeze kitabu juu ya vitabu vingine kiwe na mteremko. Waliosoma madrasa wanaijua marufaa, kibao cha kuwekea msahafu: waliobuni chombo hicho walijua kwamba anayesoma kwa saa nyingi huletewa kitabu machoni. Darasani na ofisini tumekisahau, na ingefaa tukirudishe.

Baada ya kuinua kazi, kata muda. Kila dakika 20 au 30, nusu dakika ya kusimama, kutazama mbali na kuzungusha mabega inatosha. Saa ya kengele huchosha haraka, kwa hiyo funga desturi hii kwenye jambo linalotokea lenyewe: bobini ikiisha, simama, simu ikiita, simama, mteja akiondoka, simama.

Huenda mtu akakuambia kwamba dawa ni kubeba mzigo kichwani kama bibi zetu, na akakutajia utafiti uliofanyika Kenya. Utafiti upo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kikuyu na Kiluo waliobeba mizigo hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada kuliko wanapotembea mikono mitupu. Ila siri hiyo, vipimo vya baadaye vilionyesha, imo katika mwendo, jinsi mwili wao unavyohifadhi nguvu kati ya hatua na hatua. Haikuwa tiba ya shingo, na Wakikuyu hao walibeba kwa kamba ipitayo kwenye paji la uso. Kwa upande mwingine, eksirei za wachukuzi wa mizigo huko Kongo na Sierra Leone zimeonyesha pingili za shingo zilizochakaa mapema. Ndoo nzito ya kila siku si zoezi.

Jenga shingo yenyewe

Zoezi la kwanza ni dogo kiasi kwamba wengi hulidharau. Lala chali, magoti umeyakunja, taulo jembamba chini ya kichwa. Itikia "ndiyo" ndogo sana: kidevu kishuke kuelekea koo, kisogo kiteleze juu kidogo bila kunyanyuka. Weka vidole pembeni mwa shingo. Ikiwa ile misuli mikubwa ya ubavuni inakuwa migumu, umetumia nguvu kupita kiasi, punguza. Shikilia sekunde 10 huku ukipumua, pumzika, rudia mara 10. Fanya asubuhi na jioni. Hapo unaiamsha misuli ya ndani tuliyoitaja, ile iliyo nyuma ya koo.

Zoezi hili lilichunguzwa kwa makini na wataalamu wa Australia, Gwendolen Jull na Deborah Falla. Katika kazi yao ya 2007 waliwaketisha mbele ya kompyuta kwa dakika 10 watu wenye maumivu sugu ya shingo na kuona kichwa kikitambaa mbele kidogo kidogo. Baada ya wiki sita za kuifunza misuli hiyo ya ndani, waliweza kukishika kichwa mahali pake vizuri zaidi kuliko walivyoweza mwanzoni. Hili linanipa imani kwamba kichwa kinachotangulia ni suala la uwezo wa misuli kabla ya kuwa suala la tabia.

La pili linafungua mgongo wa juu. Viringisha taulo nene, liweke kwa upana chini ya mgongo, usawa wa makombe ya mabega, ulale juu yake na mikono ukiinyoosha kuelekea nyuma ya kichwa. Pumua taratibu dakika mbili. Sogeza taulo juu kidogo, rudia. La tatu: simama mlangoni, viganja na viwiko kwenye fremu, usonge mbele hadi uhisi kifua kinavutwa, sekunde 30, mara tatu.

La nne ndilo nisingependa uliruke, kwa sababu linajenga nguvu. Tafuta tyubu ya zamani ya baiskeli, ipitishe kwenye nondo za dirisha, shika ncha mbili. Vuta viwiko nyuma ukiyakutanisha makombe ya mabega, mabega yasipande masikioni, kisha rudisha polepole. Mara 10 hadi 12, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Ikiwa rahisi, fupisha tyubu.

Kuvutwa na kuchoka ni sawa. Maumivu yanayokimbia mkononi au kizunguzungu ni amri ya kuacha. Jipe wiki sita hadi nane kabla ya kuamua kama mazoezi yanakusaidia. Huenda pengo la ukutani likabaki karibu vilevile huku maumivu yakiwa yamekwisha. Hilo ni jambo jema, kwani ulikuwa unatafuta nafuu, si umbo la sanamu.

Vya kukataa

Baada ya kunyoa, vinyozi wengi hukanda mabega, kisha hushika kidevu na kisogo na kukizungusha kichwa ghafla mpaka shingo ilie. Kataa. Ndani ya pingili za shingo kuna vitobo vinavyopitisha mishipa miwili ya damu iendayo nyuma ya ubongo. Mzunguko wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa ndani wa mshipa, damu ikaganda hapo, na bonge likapanda kusababisha kiharusi. Hutokea mara chache, lakini huwapata hata vijana wenye afya, na mlio wenyewe hauponyi chochote. Mwambie mapema, kwa upole: "Mabega kanda, shingo usizungushe."

Mikanda ya kuvuta mabega nyuma inayouzwa mitandaoni huifanya kazi ambayo misuli yako ilipaswa kuifanya. Ivae saa moja kama ukumbusho ukitaka, si siku nzima. Vivyo hivyo kola ya shingo bila agizo la daktari. Sindano na vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa kila wiki vinaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Kukanda kwa kitambaa cha maji ya moto dakika 15 ni salama zaidi, na kukandwa na mtu mwenye mkono mzuri hutuliza, ingawa misuli iliyodhoofika haipati nguvu kwa kukandwa.

Kitandani, mto mmoja unaojaza nafasi kati ya bega na sikio ukilala ubavu; mwembamba zaidi ukilala chali. Kulala kifudifudi huilazimisha shingo igeuke upande mmoja usiku kucha, basi jizoeze ubavu.

Lini uende hospitali

Nenda mapema ikiwa ganzi au udhaifu unashuka mkononi, vitu vinakudondoka, vifungo vya shati vimekuwa vigumu kufunga, au miguu imeanza kujikwaa. Hizo si dalili za misuli. Nenda siku hiyohiyo ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au shingo ikiuma baada ya ajali ya pikipiki au kuanguka, hata kama uliinuka na kutembea. Maumivu yasiyopoa usiku, pamoja na jasho, homa za jioni na kupungua uzito, yachunguzwe kifua kikuu cha mifupa, ambacho katika nchi zetu kingali kinawapata watu na kinatibika kikiwahiwa. Homa kali, kichwa kuuma na shingo iliyokakamaa isiyokubali kidevu kishuke huweza kuwa homa ya uti wa mgongo, usingoje kupambazuke. Uso ukipinda, maneno yakivurugika au kizunguzungu kikali kikizuka pamoja na maumivu mapya ya shingo, hasa baada ya kuzungushwa, kila dakika ina thamani. Na maumivu ya kifua yanayopanda shingoni, kwenye taya au mkononi, pamoja na jasho na pumzi kukata, yachukuliwe kuwa ya moyo mpaka daktari aseme vinginevyo: mtafutie mgonjwa usafiri wakati huohuo, wala asiendeshe mwenyewe.